Kitabu cha Nne cha Mwalimu Felista

Jumatatu, 6 Mei 1996

Mimi mtu wa bahati. Hili ni daftari jipya, nalianza kama nilivyoanza mengine yote. Taipureta yangu niliipata kwenye bahati nasibu. Ukumbi umejaa, majina yote kwenye kapu, mkono ukaingia, ukatoka na jina langu. Wenzangu waliambulia sufuria na miavuli. Mimi mashine nzima. Herufi zote zipo isipokuwa q, ambayo hapa Majengo hakuna aliyewahi kuiulizia.

Leo insha tatu. Mbili za vijana wa uhasibu, moja ya binti wa uuguzi. Nimewapangia. Pambizo vidole viwili kushoto, kimoja na nusu kulia. Nafasi mbili kati ya mistari. Kichwa cha habari katikati, bila mapambo. Watoto wamekaa shuleni miaka yote hiyo na hakuna aliyewaambia kwamba ukurasa nao unapumua. Mimi niliishia kidato cha pili. Lakini nimeona Nairobi, Kampala na Bujumbura, na sikuziona kupitia dirishani.

Mchana mvua. Mlima haupo tangu Ijumaa, umefunikwa na mawingu. Nilikuwa nachokonoa uchafu kwenye herufi a kwa pini, akaingia mama mmoja, mfuko wa plastiki kaukumbatia kifuani kama kabeba mtoto. Mwalimu Felista, wa Kibosho. Amefundisha darasa la kwanza miaka kumi na minane, sasa yuko chuo cha ualimu apate kupanda daraja. Ndani ya mfuko: karatasi za daftari, vipande vya bahasha, migongo ya kalenda ya parokia. Ndiyo insha yake ya kumalizia kozi. Inahusu mfongo, ule mfereji wa maji unaoshuka kutoka msituni na kupita kihamba kwa kihamba, shamba la ukoo mmoja hadi la mwingine, migombani.

Mwaka jana aliipeleka ikarudi. Haina mpangilio, waliandika, na haina marejeo. Mwaka huu ikirudi, chuo basi. Anabaki na daraja lake la zamani mpaka astaafu. Mwisho wa kupokea ni Jumatatu, tarehe ishirini.

Nikamwambia amefika. Mikono hii, nikamwambia, ilichaguliwa na kapu. Akatabasamu kidogo. Ana mwanya.

Jumatano, 8 Mei

Nimefunga kamba ya nguo kutoka mlangoni mpaka kitandani. Ndivyo ninavyopanga insha. Kila karatasi na kibanio chake. Mlangoni utangulizi, maana mgeni huingilia mlangoni. Kitandani hitimisho, maana huko ndiko kila kitu kinakolala. Katikati natembea na kuhamisha. Ugomvi wa maji hauwezi kutangulia kuchimbwa kwa mfongo. Hamisha. Wanawake wanaoosha majani ya mboga wakae karibu na zamu za maji. Hamisha.

Bi. Mwanaidi, mwenye nyumba, huingia bila hodi. Akasimama na kikapu chake cha vitumbua, akaangalia kamba yote, akauliza hizi nguo ni za nani, mbona hazitoi maji. Nikamwambia ni nguo za akili. Akasema basi ndiyo maana zangu hajawahi kuziona.

Nimesoma yote. Sikutarajia. Huyu mama anaandika kama mtu anayemwogesha mtoto, hana haraka. Kuna mzee anajua kwa sauti tu kwamba maji yamepungua. Amelala kitandani, anasikia, anasema mfongo umevunjika pale kwenye jiwe la juu, nendeni. Wanakwenda, kweli umevunjika pale. Kuna bibi aliyesubiri zamu yake ya maji akiwa na uchungu wa kuzaa, hakutaka kuipoteza.

Nikakaa kitandani chini ya hitimisho. Karatasi zinapepea. Mvua juu ya bati. Nikasikia mfongo wa kwetu, ule wa nyuma ya nyumba ya baba, unavyoongea peke yake mchana watu wakiwa shambani.

Nadhani nililala.

Alhamisi, 9 Mei

Nimeota naingia ndani ya insha. Pambizo ilikuwa njia ya udongo mwekundu, ina ukungu. Aya zimepandwa kwa mistari, migomba juu, kahawa chini yake. Maji yanapita katikati ya maneno na hayaloweshi neno hata moja. Nikatembea mpaka mwisho, nikakuta kiti kitupu.

Sikumwona mtu. Nilikuwa na furaha kubwa.

Jumamosi, 11 Mei

Nimepiga chapa kurasa ishirini na mbili. Hakuna kosa. Makosa mawili, nimeyapaka rangi nyeupe.

Nimefika kwenye marejeo. Shida. Karatasi ya maelekezo ya chuo inasema vitabu visipungue vinane. Mwalimu Felista ana kimoja, cha jiografia, cha shule ya msingi, tena hakina jalada. Mengine yote kaambiwa. Nyuma ya kalenda ameandika majina ya wazee, kijiji, na siku aliyokwenda kuwauliza. Wazee kumi na mmoja. Bibi aliyesubiri zamu yumo.

Wazee si vitabu. Nilikaa nikaiangalia mashine, nayo ikaniangalia. Mvua ikapungua, ukaingia mwanga fulani wa rangi ya chai ya maziwa, na vidole vikaanza vyenyewe. Nikampa vitabu saba. Bure, zawadi. Waandishi nimewapa majina mazito. Kimoja kimechapwa Nairobi, kimoja Kampala, viwili Bujumbura, kwa sababu nimefika na najua kuna watu wanaoweza kuandika. Cha nne ndicho ninachokipenda: *Maji Yanayokumbuka Njia*. Kurasa mia mbili na kumi na sita. Nilikiona kabisa. Jalada la kijani, kona imeliwa na mende.

Katika insha nikaweka vinamba vidogo juu ya maneno. Pale palipokuwa na mzee mwenye sikio, nikaweka namba nne.

Ukurasa wa mwisho sasa unapendeza. Unafanana na mtu aliyevaa suti.

Majina ya wazee nimeyaacha kambani.

Jumanne, 14 Mei

Mwalimu Felista kaja kuchukua. Aligusa ukurasa wa kwanza kwa kidole kimoja, akakiangalia kidole kama kimepata kitu. Akasema hakujua kwamba alikuwa ameandika hivi. Hakufika ukurasa wa mwisho. Gari la mizigo la Kibosho lilikuwa linapiga honi.

Kaniletea mkungu wa ndizi na kibuyu kidogo cha mbege, pombe yetu ya ndizi. Bi. Mwanaidi kachukua ndizi, mbege kasema nipambane nayo mwenyewe.

Jioni nikapita dukani kwa akina Bwana Kirit, ninaponunua utepe wa mashine. Wameleta kompyuta. Vijana wamejazana wanaangalia herufi zinavyojipanga zenyewe, kushoto na kulia sawasawa kama ukuta. Bwana Kirit akaniambia Profesa, sasa utauza hiyo taipureta yako. Nikamwambia kitu cha bahati nasibu hakiuzwi. Wote wakataka kusikia habari ya kapu. Nikawapa yote, nikaongeza bendi ya muziki.

Alhamisi, 16 Mei

Mbaya.

Mwalimu Felista kaingia saa nane, viatu mkononi, matope mpaka magotini. Hakukaa. Aliwahisha insha yake juzi ileile, na mkufunzi wake, Mwalimu Aminieli, ameisoma usiku kucha. Ameipenda. Amemwita mbele ya wenzake akamsifu. Kisha akamwomba kitu kimoja tu: amwazime kile kitabu cha nne. Miaka thelathini anafundisha, mwenyewe mtoto wa mfongo, na hajawahi kusikia kuna kitabu kama hicho. Anataka kukisoma.

Mwalimu Felista alimwambia hajui kitabu gani. Mkufunzi akamfungulia ukurasa wa mwisho.

"Kaka Profesa," akaniambia, "kitabu cha nne nakipata wapi?"

Nikasema vitabu vya Bujumbura ni shida kupatikana siku hizi. Hakucheka.

"Mimi nafundisha watoto wadogo. Kitu cha kwanza ninachowafundisha, kabla ya a, ni kutochukua penseli ya mwenzako na kusema ni yako. Na wewe umeniandikia wizi kwa herufi nzuri."

Nikamwambia nilitaka kusaidia.

"Najua. Ndiyo maana sijui nikukasirikie vipi."

Mkufunzi amempa mpaka Jumatatu saa nne asubuhi. Alete kitabu, au aseme mbele ya bodi ya chuo kwa nini hakipo. Akisema hakipo, ni udanganyifu, na udanganyifu hauna mwaka wa tatu.

Aliondoka pekupeku. Nyayo zake zipo bado sakafuni, zimekauka. Sijafagia.

Ijumaa, 17 Mei

Nimepata njia. Nitakiandika.

Kwa nini isiwezekane? Kurasa mia mbili na kumi na sita. Namjua mwandishi, nilimzaa mimi. Karatasi za zamani za rangi ya maziwa ninazo, jalada la kijani nitalikata kwenye boksi la sabuni. Nimeanza alfajiri. *Maji Yanayokumbuka Njia*, sura ya kwanza. Yalikuja yenyewe. Nilikuwa juu kabisa, msituni, mahali maji yanapotoka chini ya mizizi yakiwa baridi kama kisu, na ndevu nyeupe za miti zinaning'inia, na mimi ninayafuata. Saa zikapita sizioni. Nilikuwa na amani kama mtu aliyelewa.

Bi. Mwanaidi kaingia, jana jioni nilimweleza yote. Kasoma juu ya bega langu, midomo inacheza. Akauliza kitabu kimefika ukurasa wa ngapi. Nikasema wa tatu.

"Vizuri. Na hicho cha sita utakiandika lini? Na cha saba?"

Akaweka vitumbua viwili kwenye sahani, akafuta mkono kwenye kanga.

"Profesa, yule mama ana shimo moja. Wewe unamchimbia la pili."

Alipotoka nilizitazama kurasa zangu tatu. Nzuri. Haki ya Mungu ni nzuri. Nikazichana, nikazitia kwenye jiko la mkaa, moshi ukapita chini ya kamba, karatasi za mwalimu zikageuka kidogo kama watu waliosikia jina lao.

Naona aibu. Naandika ili nisijidanganye kwamba ni homa.

Jumamosi, 18 Mei

Nimepanda Kibosho, kwetu. Miezi saba sijaja. Barabara yote ni matope na mawe, gari limekwama mara mbili, tumeshuka kusukuma. Ukungu mzito. Mtu anatokea mbele yako akiwa ameshakusalimia.

Shemeji yangu, mke wa marehemu kaka, alikuwa anapika mtori wa ndizi. Hakuniuliza kilichonileta. Nikala, nikaenda nyuma ya nyumba. Mfongo upo, mdogo kuliko ninavyoukumbuka, lakini unaongea. Nikachuchumaa nikausikiliza. Nikajaribu kama yule mzee, kujua umevunjika wapi. Sikujua kitu. Mimi ni mtu wa herufi tu.

Baba amezikwa migombani, masale, mimea ya majani marefu, yamemzunguka. Kwetu ukimkosea mtu unamletea jani la isale. Hupeleki maneno mengi. Unashika jani, unasimama. Akilipokea, amekusamehe, hawezi kulirudia jambo. Kulikataa ni vigumu, watu hawakatai ovyo. Nimewahi kumwona baba analipokea kutoka kwa mtu aliyemchomea ghala.

Nikachuma moja, refu, lisilo na doa, pamoja na kipande cha shina lake. Nikalifunga kwenye gazeti.

Shemeji aliliona. Akauliza tu: umemkosea nani sasa?

Jumapili, 19 Mei

Sanya Juu. Mkufunzi Aminieli huwa chuoni siku za wiki, mwisho wa wiki yuko kwake huku. Nimepanda lori la maharage, nimekaa juu ya magunia. Upande huu hakuna mvua. Upepo, uwanda, wingu moja refu limelala ubavuni mwa mlima na mlima wenyewe haupo. Nilihisi kama naendeshwa usingizini.

Nilimkuta uani amevaa mabuti, anapepeta maharage. Mzee mrefu, miwani imefungwa uzi. Nikamwamkia shikamoo. Nikatoa jani kwenye gazeti. Nikasimama nalo.

Hakulichukua. Aliendelea kupepeta, labda ungo mzima. Maganda yakaruka yakanikaa kwenye koti. Mkono wangu ukaanza kuwa mzito na nikamkumbuka yule mtu wa ghala, jinsi alivyosimama.

Kisha akauliza mimi ni nani. Nikasema ndimi niliyempigia chapa Mwalimu Felista, na vitabu saba ni vyangu, yeye hakujua, nimevitoa kichwani.

"Vyote saba?"

"Vyote, Mwalimu."

"Hata cha nne?"

"Hata hicho."

Akaweka ungo chini. Nilidhani amekasirika. Alikuwa na huzuni, kama mtu aliyeambiwa mgeni aliyekuwa anamngoja haji tena.

Akalipokea isale.

"Nimelipokea, kwa hiyo mimi na wewe hatuna neno. Lakini hili jani ni la kwangu, si la chuo. Chuoni siwezi kuweka alama juu ya jani." Akaligeuza mkononi. "Yule mzee anayesikia maji kitandani, naye ulimtoa kichwani?"

Nikasema hapana, huyo yupo, na wengine kumi. Majina yao, vijiji vyao na siku walizohojiwa ninayo, yananing'inia kwenye kamba chumbani kwangu.

Akapandisha miwani yake ya uzi.

"Umeyaacha hayo ukaweka Bujumbura?"

Akaniambia chuo kinakubali mtu aliyehojiwa kama kinavyokubali kitabu, mradi aandikwe jina, mahali na siku. Kimoja cha jiografia na wazee kumi na mmoja ni kumi na mbili, wanatosha na kubaki. Kwa mwanafunzi mwingine asingefungua mlango huu, lakini kosa ameliona lilipotoka. Kesho saa nne ukurasa uwe mezani. Saa nne na dakika moja insha inakwenda bodi.

Mke wake akatuletea chai. Tukaongea mengine. Akauliza mashine yangu ni ya aina gani, nikamwambia. Akauliza niliipata wapi.

Nikamwambia bahati nasibu. Kapu, mkono, jina langu. Lilitoka lenyewe, laini kabisa, na isale lilikuwa bado mkononi mwake.

Akasema hongera.

Jumatatu, 20 Mei

Mwalimu Felista alifika saa kumi na mbili asubuhi. Nilimtumia salamu kwa dereva wa Kibosho, nikasali zifike. Zilifika. Kaja na insha yake, mkufunzi alimrudishia ile Alhamisi akatafute kitabu. Hakunisalimia kwanza. Akatoa majina kambani, akafungua kibanio kimoja kimoja, akakaa kwenye ndoo.

Umeme hakuna mtaa mzima. Duka la Bwana Kirit giza, kompyuta imefunikwa kitambaa. Mashine yangu haijui umeme.

Kurasa kumi za kupiga upya, kila palipo na kinamba. Yeye anasoma, mimi napiga. Jina, kijiji, siku. Kila jina analisoma polepole, na akilimaliza anasubiri kidogo, kama anampa mtu nafasi ya kukaa. Wawili wameshafariki tangu alipowahoji. Hao alitaka waandikwe vilevile. Bibi wa zamu, namba tatu. Mzee wa sikio, namba nne. Mimi ndiye niliyempa nne. Mwalimu aliniangalia, akaacha.

Nilipokuwa napiga jina la mwisho mwanga ulibadilika. Chumba chote kilikuwa kama kiko chini ya maji safi. Nilitaka isiishe.

Saa tatu na nusu akaondoka, karatasi ndani ya mfuko, mfuko ndani ya kanga. Mlangoni akageuka.

"Kaka, ukurasa wa mwisho sasa nikiutazama nawajua watu wote."

Nikabaki na kamba tupu na vibanio.

Jumamosi, 1 Juni

Kumekucha bila wingu. Mlima umetoka wote, mweupe juu, karibu mpaka unataka kuugusa. Watu wa Majengo wanaswaki uani wameuelekea, hakuna anayesema kitu.

Jana mwalimu alinitumia habari. Amepita. Alama si kubwa, ya katikati. Chini ya marejeo mkufunzi ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba angependa kwenda naye kumsikiliza mzee namba nne. Watakwenda likizo.

Na dereva wa lori la Sanya Juu anasema isale langu limechomekwa langoni kwa mkufunzi, limeshika udongo.

Bi. Mwanaidi kaiazima kamba yangu akaanika mashuka yake humu chumbani, uani kuna foleni. Nimelala chini yake mchana huu. Meupe, hayana neno. Mwanga unapita.

Yule mama amewaandika wote, kila kitu na kilikotoka. Nami nina madaftari saba ninayojiandikia mwenyewe, hakuna anayeyasoma, na yote yanaanza kwa kapu.

Hakukuwa na kapu. Hakukuwa na ukumbi. Nilikuwa karani wa chini kwenye ghala la kahawa, wanunuzi binafsi wakaingia, wakatupunguza watu kumi na wanne siku moja. Taipureta ilikuwa ya kutupwa, imekatika q. Karani mkuu akaniambia kama naitaka niibebe.

Niliibeba kichwani mpaka Majengo, nikilia.